Kukompaili Kukikatika Ovyo: Memtest86+, Kubadilishana RAM, au Kuichosha Prosesa?

Msimu wa kaskazi, saa tisa alasiri, chumba cha juu chini ya makuti, mtaa wa Mkomani, Lamu. Kompyuta ya mezani imefunguliwa ubavu, na feni ya nyumbani imeelekezwa tumboni mwake kama mgonjwa anayepepewa. Mwenyewe ni binti anayesoma chuo kwa mtandao, na mradi wake wa C++ umemgomea kukompaili, yaani msimbo alioandika kugeuzwa kuwa programu inayoendeshwa. Mara ya kwanza ulikatika kwenye faili la arubaini na kitu. Mara ya pili ukafika la mia na kumi. Mara ya tatu ukamaliza wote bila kunung'unika, akafurahi, akarudia, ukakatika tena kwenye faili la sita.

"Ami, msimbo wangu una kosa nisiloliona," akaniambia.

Nikamjibu kwamba kosa la msimbo lina makazi. Linakaa kwenye mstari wake, na ukilitembelea mara kumi utalikuta palepale. Linalohamahama ni jambo jingine, na mara nyingi liko ndani ya sanduku la chuma.

Hapa Lamu, kujua ni kipande gani kina ugonjwa ni nusu ya matibabu. Dukani Langoni utapata kebo, chaja na flashi, lakini kwa fundi mwenye rafu ya vipuri vya kujaribia itabidi upande boti hadi Mokowe, kisha basi mpaka Malindi au Mombasa, na kompyuta umeipakata njia nzima. Ukinunua RAM, ile kumbukumbu ya kazi ya mashine, kumbe tatizo ni pawa saplai, nauli imekwenda na ugonjwa unarudi nao nyumbani. Kwa hiyo nalinganisha hapa vipimo unavyoweza kufanya mwenyewe, na nitasema wazi kipi ningekitanguliza.

Soma kwanza imekufa kifo gani

Usishike bisibisi kabla ya kusoma namba ambayo Linux huiandika programu inapokufa. Signali ya 11, au msimbo wa kutokea 139 (ni 128 ukijumlisha 11), maana yake programu imegusa anuani ya kumbukumbu isiyo yake. Hii ndiyo inayotuhusu. Signali ya 9, au 137, kwa kawaida si ugonjwa wa vifaa: Linux imeona RAM imekwisha, ikachagua wa kumtosa baharini ili jahazi lisizame. Andika dmesg, amri inayoonyesha shajara ya mfumo, na utaona imekiri yenyewe. Ukiendesha make -j8, yaani kukompaili mafaili manane kwa mpigo, kwenye mashine ya GB 4, huku kompaila moja ya C++ ikiweza kumeza gigabaiti nzima peke yake, hesabu haiwezi kutoka. Punguza iwe -j2 au ongeza swapu, ile sehemu ya diski inayoisaidia RAM, na usiendelee kusoma.

Signali ya 7 inanifanya niitazame diski, kwa kuwa faili lililofunguliwa kupitia kumbukumbu likishindwa kusomeka huishia hapo. Endesha smartctl, programu inayosoma afya ya diski, na uangalie sifa namba 5 na 197, ambazo huhesabu sehemu za diski zilizohamishwa na zinazosubiri hukumu. Namba 199 ikipanda, diski huenda ni nzima na kebo ndiyo mkosaji, kipimo cha bei rahisi kuliko vyote. Signali ya 4 ni prosesa kupewa agizo isilolijua: ama programu ilitengenezwa kwa prosesa mpya kuliko yako, ama agizo lenyewe limeharibika njiani.

Kwa nini kukompaili kukatike na video isikatike? Picha ikigeuka biti moja, nukta moja ya skrini hubadilika rangi na hakuna anayejua. Kompaila haina msamaha huo. Kumbukumbu yake imejaa pointa, yaani anuani zinazoelekezana: hii yasema nenda kule, na kule kwasema nenda pale. Biti moja ikigeuka ndani ya pointa, kompaila inajikuta kwenye uwanja wa mtu na mfumo unaizima. Isitoshe, inakula RAM kwa wingi, inashughulisha viini vyote vya prosesa, na haipumziki hadi kazi iishe. Ni kipimo kikali hata kama hakuna aliyekikusudia kiwe kipimo.

Kurudia: kipimo cha bure, na mtego wake

Rudia kukompaili mara tatu au nne bila kubadilisha chochote. Kosa likitokea kila mara kwenye faili lile lile na mstari ule ule, shuku msimbo au kompaila yenyewe. Likihama, shuku vifaa. Kompaila ya GCC inayokuja na baadhi ya matoleo ya Linux, Ubuntu mojawapo, hata hukusaidia: ikivunjika ndani kwa ndani hurudia faili hilo yenyewe, na matokeo yakitofautiana hukuandikia kwamba kosa halirudiki, kwa hiyo huenda ni vifaa au mfumo. Watu wengi huupita ujumbe huo mbio wakitafuta mstari mwekundu.

Mtego ni huu, na umewanasa watu wazima. Linux ikisoma faili kutoka diski huacha nakala yake kwenye RAM, ili mara ya pili isihangaike. Ikiwa nakala hiyo imekaa juu ya kipande kibovu cha RAM, kila ukirudia utasomewa nakala ile ile iliyoharibika, na kosa litajitokeza palepale kila mara. Utaapa kuwa ni msimbo. Zima mashine kabisa, iwashe, ukompaili tena. Kosa likiondoka au likihamia faili jingine, si msimbo. Kama hutaki kuzima, mwenye ruhusa ya mkuu wa mfumo anaweza kuandika 3 kwenye /proc/sys/vm/drop_caches ili nakala zile zitupwe. Mimi naona kuzima ni bora, maana unajua hakuna kilichobaki.

Na usiwe mwepesi wa kulaumu vifaa pia. Mradi ambao Makefile yake, lile faili la maelekezo ya make, haikuandika kipi kinategemea kipi huweza kufeli kwa -j8 na kupita kwa -j1. Lakini huo hulalamika kwamba faili fulani halipo. Haufi kwa signali ya 11.

Vipimo vitatu vikubwa, bega kwa bega

| | Memtest86+ | Kubadilishana RAM na sloti | mprime au stress-ng |
|---|---|---|---|
| Unachohitaji | Flashi na usiku mzima wa stima | Bisibisi, RAM mbili | Mfumo unaowaka, feni safi |
| Muda | Saa nyingi | Nusu siku | Dakika chache hadi saa kadhaa |
| Hukamata vizuri | RAM mbovu waziwazi | RAM, sloti, mguso mchafu | Prosesa, joto, pawa saplai |
| Hupitwa na | Hitilafu za joto na umeme | Prosesa mbovu | Haisemi ni kipande gani |

Memtest86+ ndiyo jina la kwanza utakalotajiwa na kila mtu. Asili yake ni Memtest86 ya Chris Brady, ya mwaka 1994. Tawi lenye alama ya kujumlisha lilianza 2004, na toleo la 6 lilipotoka 2022 likawa linawaka pia kwenye mashine za UEFI, ule mfumo mpya wa kuwashia kompyuta, ambazo toleo la zamani lilikuwa likizikataa. Unaiweka kwenye flashi, unaiwasha mashine nayo bila Linux wala Windows, nayo inaandika na kusoma karibu RAM yote kwa mitindo tofauti. Ubora wake uko hapo: hakuna mfumo uliokalia sehemu ya kumbukumbu. Ndugu yake memtester, anayeendeshwa ndani ya Linux, hawezi kugusa pale kerneli, kiini cha mfumo, ilipoketi. Huyo mtumie tu ikiwa mashine iko mbali na huwezi kuizima.

Jibu lake lina upande mmoja tu wa kuaminika. Kosa moja ni kosa. Hakuna "moja si neno". Lakini sufuri haimaanishi RAM ni nzima. Memtest86+ haiichoshi prosesa kama kompaila inavyoichosha, haisomi diski, haivuti umeme wa ghafla. RAM inayokosea pale tu sanduku limepata joto itapita kipimo hiki ikitabasamu. Halafu, kosa likionekana, si lazima RAM ndiyo yenye kosa: mazabodi (bodi kuu), sloti au prosesa yaweza kuwa ndiyo inayoharibu data njiani. Inakwambia njia ina shimo, haikuonyeshi mtaa.

Kuna neno jingine la huku kwetu. Kipimo hiki kinahitaji usiku mzima. Tulikiwasha saa mbili usiku, kabla ya saa tano mama yake binti akapaza sauti kutoka chini, "Yeo stima haikai, mwanangu!", na skrini ikawa nyeusi hata kabla hajamaliza sentensi. Tulikuwa na sufuri ya makosa na mzunguko haukutimia. Bila UPS, ile betri ya kushikilia stima ikikatika, usikiweke mbele.

Kubadilishana RAM ndiko ninakokupendelea, na najua mafundi wengine hunicheka kwa kuwa hakuna skrini ya bluu yenye namba za kuvutia. Unazima, unachomoa waya wa umeme, unagusa chuma cha sanduku ili umeme tuli uondoke mwilini, unatoa RAM moja, unakompaili na iliyobaki. Kipimo ni ule ule mradi uliokuwa unakatika, kwa hiyo hakuna ubishi kama kipimo kinafanana na ugonjwa.

Kosa linalofanywa na wengi ni kukomea hapo. Wanaona mashine inapita na RAM A na inakatika na RAM B, wanaitupa B na kuagiza mpya. Lakini A ilikuwa kwenye sloti ya kwanza na B kwenye ya pili! Umebadilisha vitu viwili kwa mpigo, hujui kipi kimejibu. Lazima majaribio yawe manne: A kwenye sloti ya kwanza, A kwenye ya pili, B kwenye ya kwanza, B kwenye ya pili. Ugonjwa ukimfuata B popote aendapo, ni B. Ukibaki kwenye sloti ya pili yeyote akaaye hapo, ni sloti.

Kwa binti wa Mkomani ulibaki kwenye sloti. A alikatika pale, B akakatika pale, na wote wawili wakapita vizuri kwenye sloti ya kwanza, mara tatu tatu. Nikamulika kwa tochi ya simu: unga wa kijivu uliogandamana chini ya meno ya shaba. Dirisha la chumba kile linatazama baharini na halifungwi mchana kutwa. Hewa ya chumvi hailali.

Dawa yake haina gharama. Meno ya RAM yasugue polepole kwa raba nyeupe ya penseli, pangusa vumbi lake, kisha kitambaa chenye spiriti isiyo na maji mengi. Sloti ipigwe kwa brashi laini kavu, halafu brashi yenye spiriti kidogo, iachwe ikauke kabisa kabla ya kuwashwa. Usipulize kwa mdomo. Mate yana maji na chumvi yake. Tulipomaliza, RAM zote mbili zilirudi mahali pao na mradi ukapita.

Laptopu nyingi za siku hizi RAM zimechomelewa kwenye mazabodi, hakuna cha kutoa. Hapo Memtest86+ inarudi kuwa chaguo la kwanza, tena ina faida nyingine: inaweza kukuandikia anuani mbovu kwa muundo ambao GRUB, programu inayoiwasha Linux, inauelewa, ukaziweka kwenye GRUB_BADRAM, na Linux ikawa inaruka sehemu hiyo kama watu wanavyoruka kidaraja kilichooza. Ubovu ukiwa mdogo na haukui, mashine yaweza kukuhudumia muda mrefu. Ukiona anuani mpya kila wiki, anza kuweka akiba.

Cha tatu ni kuichosha prosesa. mprime, ambayo kwenye Windows huitwa Prime95, ilitengenezwa kwa ajili ya kutafuta namba tasa kubwa za Mersenne, na kwa kuwa inajua jibu sahihi la kila hesabu, prosesa ikikosea inaishika papo hapo. Mtindo wa hesabu ndogo unakaa ndani ya kashe, kumbukumbu ndogo ya ndani ya prosesa, na kuipasha prosesa moto kweli kweli; mtindo wa mchanganyiko unaihusisha RAM pia. Linganisha hiyo miwili: ukifeli mdogo, RAM huenda si mkosaji, tazama kwanza prosesa, joto na umeme. Ukipita mdogo ukafeli mchanganyiko, rudi kwenye RAM. stress-ng nayo ina vipimo vingi zaidi na ni rahisi kuipata kwenye hazina za Linux, ila ukisahau kuiambia ihakikishe majibu itakuchosha mashine tu bila kukwambia kitu.

Kipimo hiki kina sababu ya kuwepo. Mwaka 2017 watumiaji wa Linux wenye prosesa mpya za AMD Ryzen walikuta kukompaili kwa kazi nyingi sambamba kunakatika kwa signali ya 11. RAM zilikuwa nzima. AMD ilikiri tatizo Agosti mwaka huo na ikawa inawabadilishia prosesa walioathirika. Kisha zikaja Intel za kizazi cha 13 na 14 za mezani, zilizokuwa zikiomba volti kubwa kupita kiasi na kuchakaa pole pole. Intel ilitoa marekebisho ya maikrokodi (maagizo ya ndani ya prosesa) 0x129 Agosti 2024, mengine yakafuata, na ikaongeza miaka miwili ya dhamana. Marekebisho hayo huzuia, hayaponyi prosesa iliyokwisha kudhurika. Mwenye prosesa ya jamii hiyo anaweza kubadilisha RAM mpaka mvua za masika ziishe na asipate nafuu, kwa hiyo asasishe kwanza BIOS, programu ya mazabodi inayobeba marekebisho hayo.

Joto na stima

Haya mawili hayana programu yake maalumu, lakini pwani huwezi kuyaruka. Endesha sensors dirisha moja huku unakompaili dirisha jingine. Prosesa nyingi hujipunguza mwendo zinapokaribia digrii 100, kwa hiyo joto peke yake kwa kawaida hupunguza kasi kabla ya kuleta makosa. Sehemu ambazo mara nyingi hazina kinga kama hiyo, mfano RAM na vipande vya kugawa umeme pembeni mwa prosesa, ndizo zinazoteseka. Jaribio langu ni la kizamani: shusha mashine kutoka chini ya makuti, iweke chumba cha chini chenye kuta nene za mawe, kompaili alfajiri. Ikipita alfajiri na kukatika alasiri, ondoa vumbi, badilisha ile dawa ya kupitisha joto juu ya prosesa, hakikisha feni inazunguka.

Stima nayo: kwenye laptopu, kompaili ukiwa kwenye betri, kisha kwenye chaja. Ikikatika kwenye chaja tu, azima chaja nyingine kabla ya yote. Kumbuka tu kwamba kwenye betri prosesa nyingi hupunguza mwendo, kwa hiyo kupita hapo si ushahidi kamili dhidi ya chaja. Kwenye kompyuta ya mezani, pawa saplai ndiyo ngumu kuliko vyote kuithibitisha bila kuwa na nyingine. Kama huna ya kuazima, ingia BIOS, zima XMP, mpangilio unaoipa RAM mbio za ziada, ili RAM irudi kwenye mwendo wake wa kawaida, zima na mbio za ziada za prosesa. Ugonjwa ukitoweka, umejua kwamba kitu kiko ukingoni, hata kama hujajua ni kipi, na angalau unaweza kumaliza kazi ya chuo huku unatafuta.

Basi ningechagua nini?

Mwenye RAM mbili na bisibisi aanze kubadilishana, majaribio manne kamili, hata kama ana UPS. Mwenye laptopu iliyochomelewa RAM aende Memtest86+, aazime UPS kama hana. Mwenye RAM moja tu aazime kwa jirani nyingine ya aina ile ile kwa siku moja. Asipopata, ndipo Memtest86+. mprime ningeiweka mbele pale tu prosesa ni ya zile zenye historia, au kukatika kunafuata saa za joto, au mashine inazima yenyewe kabisa badala ya kompaila peke yake kufa. Na kurudia, pamoja na kusoma dmesg, ni kwa wote, kabla ya yote. Humo dmesg ukikuta taarifa za MCE, prosesa yenyewe imeripoti kosa la vifaa na umeokoa siku nzima.

Binti nilimwachia onyo moja, na hilo ndilo lililomchukua muda kuliko kusafisha sloti. Mafaili yenye .o yaliyozalishwa wakati wa ugonjwa bado yako diskini, na make huyaona ni mapya, haiyagusi. Moja likiwa limeharibika kimyakimya, programu itakatika kesho kwenye mashine nzima kabisa. Afanye make clean, akompaili kila kitu upya. Aendeshe git fsck, amri inayokagua uzima wa hifadhi ya Git, maana hata aliyohifadhi kwa Git yalipitia RAM ile ile. Alipoiendesha ilimtajia kitu kimoja kilichoharibika, cha wiki mbili nyuma. Akakivuta tena kutoka nakala iliyoko mtandaoni, kisha akainuka kwenda kufunga dirisha.